Hedi ya Matundu Mapana

Emerensiana alishika spana kabla hajaolewa. Alisoma ufundi wa magari katika chuo kidogo cha kanisa, msichana pekee darasani, na huko ndiko alikokutana na Adolfu. Adolfu alikuwa na maneno matamu na mikono yenye nguvu. Emerensiana alikuwa na sikio. Gari likiunguruma, alisimama pembeni akiwa ameinamisha kichwa, kisha akataja silinda isiyochoma, na plagi zikifunguliwa ilikuwa ile ile.

Walipooana walifungua gereji Sumbawanga, kwenye kiwanja cha kukodi kando ya barabara iendayo Namanyere. Juu ya lango wakapigilia bati lililoandikwa Gereji ya Adolfu. Emerensiana hakuona ubaya. Wateja walipouliza fundi yuko wapi walionyeshwa Adolfu, naye aliwapokea vizuri, akawasikiliza, akawatia moyo. Breki na giaboksi alifanya mwenyewe. Habari za ndani ya injini alimwuliza mkewe jioni wakila, na asubuhi akamweleza mteja neno kwa neno kama kitu alichokiwaza yeye. Hilo nalo Emerensiana hakuliona baya, au alijiambia halioni. Binti yao, Jenifa, alikuwa anasoma bweni, ada ilikuwa inalipika, na gereji ilikuwa na jina.

Mmoja wa wateja wao alikuwa Masalu, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Rukwa na ng'ombe zao akiwa bado mtoto. Alikuwa na mifugo na mashamba upande wa Nkasi, na alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli iliyobeba migebuka na dagaa kutoka Wampembe, kule ziwani, kupandisha Namanyere hadi Sumbawanga. Dereva wake aliitwa Evans. Mdogo wake Masalu, Limbu, ndiye aliyenunua samaki na kupanga mzigo, na safarini alikaa nyuma juu ya matenga.

Anayeijua njia ile anajua kwamba kazi yote iko kwenye kupanda. Ziwa liko chini kabisa, uwanda wa Ufipa uko juu, na katikati ni mlima wa kona na mawe. Gari lenye mzigo linapanda kwa gia ya kwanza, polepole, injini ikivuta kwa nguvu zake zote bila kukimbia.

Pikapu ile ililetwa gereji maji yakiwa yameingia kwenye oili. Walipoifungua wakakuta silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini chenye valvu na njia za hewa, kimepasuka pabaya. Kuchomelea hakukuwezekana. Masalu aliwaambia watafute hedi nyingine, na akaongeza kwamba angependa safari hii gari liwe na nguvu kuliko mwanzo, maana biashara imekua.

Adolfu akapanda basi kwenda Mbeya. Alirudi na hedi iliyotoka kwenye injini ya ukoo ule ule lakini ya toleo jipya zaidi. Bolti zilioana, gasketi ilioana, ila valvu zake zilikuwa kubwa na matundu ya kuingizia hewa mapana kiasi cha kupitisha vidole viwili. Aliilaza juu ya meza ya kazi akaipangusa kwa kitambaa. Tayari alikuwa amempigia Masalu simu akiwa ndani ya basi, akamwambia amepata chuma ambacho Sumbawanga nzima hakipo.

Emerensiana aliisafisha kwa petroli, akaigeuza kifudifudi. Akachukua bomba la sindano akawa anajaza oili kwenye vile vishimo ambamo petroli huwaka, kwanza kwenye hedi ya zamani, halafu kwenye hii mpya. Hii mpya ilimeza oili nyingi zaidi. Akarudia kwenye kishimo kingine ili asijidanganye. Ilikuwa vile vile.

Jioni alimwambia mumewe kwamba hedi ile haifai kwa gari la Masalu. Adolfu aliacha kula akamtazama.

"Haifai kivipi? Njia kubwa, hewa nyingi. Hewa nyingi, nguvu nyingi."

"Gari likikimbia, ndiyo. Gari la Masalu halikimbii, linapanda," Emerensiana akasema.

Akamweleza kwa utulivu, kama alivyozoea. Vishimo vya hedi mpya ni vikubwa, kwa hiyo pistoni ikifika juu bado kuna nafasi, na hewa haibanwi inavyotakiwa. Kompresheni itashuka. Halafu moshi uliokwisha kuungua unabaki mle kwenye nafasi ile badala ya kusukumwa nje wote. Pistoni inaposhuka kuvuta hewa mpya, inaanza kwanza kuulegeza moshi huo, ndipo mvuto ufike kwenye valvu, umechelewa na umepungua. Mvuto dhaifu namna hiyo unahitaji njia nyembamba ili hewa ipite kwa kasi na kubeba petroli. Ukiupa njia pana, hewa inajikokota, petroli inadondoka njiani, injini inakosa chakula wakati inakihitaji zaidi. Na hapa kwetu juu hewa yenyewe ni nyepesi.

"Chukua mzee mwenye kifua kibovu," alisema, "mpe mrija mpana kwenye chungu cha kimpumu. Atavuta mpaka jasho limtoke, na pombe haitamfika mdomoni. Mpe mwembamba, atakunywa."

Adolfu akacheka kidogo. Aliuliza dawa ni nini. Emerensiana akamwambia ziko mbili. Ama hedi irudishwe Mbeya ikachongwe uso, vishimo vipungue na kompresheni ipande, hapo mvuto ungeweza kuzimudu hata njia zile pana. Ama itafutwe hedi ya matundu membamba kama ile iliyopasuka, hata kama imechakaa.

"Nimeshamwambia Masalu Jumamosi anachukua gari lake," Adolfu akasema. "Nimeshamsifia hedi. Sasa nimwambie nini? Kwamba nimeongea na mke wangu?"

Emerensiana akaondoa vyombo.

Kesho yake Adolfu akaanza kuifunga. Ilipofika wakati wa kupima tapeti, zile nafasi nyembamba za valvu, alimwita, maana mkono wa Emerensiana ulikuwa mwepesi na hakuna aliyeweza kupima nafasi zile kama yeye. Alisimama mlangoni kitambo. Kisha akaja, akapima, akakaza. Hakuwahi katika maisha yake kuacha kazi ikiwa imelegea, na hata siku hiyo hakuweza. Walipomaliza alifungua plagi, akaweka geji ya kompresheni, akamwomba Adolfu apige stata. Mshale ulisimama chini ya pale ulipokuwa ukifika wakati wa hedi ya zamani, hata siku zake za ugonjwa. Akamwonyesha. Adolfu aliichukua geji, akaifuta, akairudisha kwenye boksi lake.

"Geji hii imechoka," akasema.

Walilijaribu kwenye lami ya kwenda Namanyere, na Adolfu alirudi uso unang'aa. Kwa kweli kwenye tambarare lilikuwa linaruka. Jumamosi Masalu alipokuja akalizungusha mwenyewe, akarudi akimpiga Adolfu mgongoni. Kabla hajaondoka alimgeukia Emerensiana, aliyekuwa akiosha mikono kwa sabuni ya unga kwenye beseni.

"Mama Jenifa, na wewe unasemaje? Chuma kiko sawa?"

Adolfu alikuwa amesimama nyuma ya Masalu. Hakumkonyeza wala kumtisha. Alimtazama tu, kitambaa mkononi, kama mtu anayesubiri kuona kama kweli ana nyumba. Emerensiana akasema, "Fundi amemaliza."

Masalu akacheka, akashukuru, akaondoka na gari lake.

Safari ya kwanza gari lilipanda bila mzigo wa kutosha, likafika. Safari iliyofuata ilikuwa wakati wa mvua, matenga yamejaa, na juu yake wamekaa abiria, kama kawaida ya njia ile. Evans alisimulia baadaye kwamba tangu kona za mwanzo gari lilikuwa halina pumzi. Akikanyaga mafuta, injini inakohoa badala ya kuvuta. Akipiga resi ili ichangamke, magurudumu yanateleza kwenye tope. Kwenye kona moja kali ilizimika. Akakanyaga breki ikashika, akapiga stata, ikagoma, akakanyaga tena. Breki za gari lile zilitegemea injini inayozunguka ili ziwe laini, na kila alipokanyaga zilizidi kuwa ngumu. Breki ya mkono haikushikilia mzigo ule. Gari likaanza kurudi nyuma.

Abiria waliruka. Limbu naye aliruka, lakini hakukimbia. Alichukua gogo la kuzuilia tairi akaenda kuliweka nyuma ya gurudumu. Gogo liliteleza. Gari lilimpitia mguuni, likaegemea ukingo wa mlima, likasimama pale.

Hakufa mtu. Watu waliokuwepo walilirudia hilo kila waliposimulia, kana kwamba ndiyo habari yenyewe. Limbu alifikishwa hospitali kesho yake, na mguu wake ukakatwa juu ya goti. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na miongoni mwa ndugu zake ndiye aliyekuwa akiswaga ng'ombe mbali kuliko wote.

Masalu hakwenda polisi. Aliita kikao nyumbani kwake, wazee wa kwao na mwenyekiti wa kijiji, na akataka mafundi waje waeleze. Emerensiana na mumewe walisafiri pamoja kwenye kiti kimoja cha basi. Njiani Adolfu alimshika mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya muda mrefu, akamwambia wataongea ukweli na Mungu atasaidia. Emerensiana alimwamini. Alifikiri mumewe atasema nilishauriwa nikakataa, na alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya kumtetea, kwamba mtu yeyote angekosea, kwamba hedi ilikuwa nzuri kwa gari jingine.

Evans akaeleza kwanza. Kisha Masalu akamwuliza Adolfu kilichotokea kwenye injini.

Adolfu alisimama, akaondoa kofia. Alitoa pole ndefu. Akasema yeye ni mtu wa breki na giaboksi, kila mteja anajua. Akasema alikwenda Mbeya kufuata kifaa, na mambo ya ndani ya injini pale gereji yapo mikononi mwa mtu mwingine.

"Tapeti alipima mama Jenifa," akasema. "Kompresheni alipima mama Jenifa. Mimi nilimwamini. Kama mume nabeba kosa la nyumba yangu, naomba mnisamehe."

Watu wakamgeukia Emerensiana. Kila alichosema Adolfu kilikuwa kimetokea, na bado kilikuwa uongo mtupu. Akasimama akasema kwamba hedi ile aliikataa tangu siku ilipofika, kwamba alisema wazi haitapanda mlima.

"Ulimwambia nani?" Masalu akauliza.

"Nilimwambia mume wangu."

"Gari ni la nani?"

"Ni lako."

"Mimi nilikuuliza kwa mdomo wangu," Masalu akasema, bila kupandisha sauti. "Nilisimama mbele yako nikakuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mzee mmoja akaguna. Mwingine akasema kwa Kisukuma neno ambalo Emerensiana hakulielewa, na hakuna aliyemtafsiria. Kikao kiliamua kwamba Adolfu ni mtu mwungwana, amekiri na kuomba radhi, basi atatengeneza gari tena na yaishe. Kuhusu mkewe waliona ni jambo la nyumbani kwake.

Kwenye basi la kurudi alikaa kiti cha peke yake. Walipofika alikusanya spana zake mwenyewe, zile alizopewa siku ya kumaliza chuo, na nguo, akaenda kwao Kaengesa. Adolfu hakumzuia. Alisimama langoni akasema tu kwamba angesema vingine gereji ingefungwa, na Jenifa angesomeshwa na nani.

Kaengesa alipokelewa na kaka yake, Mathias, mkulima wa mahindi na ulezi, aliyekuwa na mashine ya kusaga. Akampa kibanda cha nyuma ya mashine. Emerensiana alitengeneza injini ile ya kusagia, kisha pikipiki, kisha pampu za maji za jirani. Walikuja watu wachache. Wengine walikuja wakachungulia, wakauliza fundi amekwenda wapi, na walipoambiwa ndiye huyu wakasema watarudi. Habari za Wampembe zilikuwa zimemtangulia. Baada ya misa wanawake walimsalimia vizuri tu, ila aliona namna walivyonyamaza akipita.

Msimu wa mavuno Limbu alikuja. Aliletwa na bodaboda mpaka mlangoni, akashuka na magongo yake akitweta. Emerensiana alimwekea kiti, akamletea maji. Akampa pole, na Limbu akaitikia kama mtu aliyekwisha kuzichoka.

"Shemeji, sikuja kugombana," akasema. "Nataka nielezwe. Kila mtu ananiambia ni bahati mbaya. Mimi nataka kujua ni nini kiliniondolea mguu."

Akamweleza. Hakutumia mifano. Alimwambia kwamba injini ilibana hewa kidogo mno, kwa hiyo ilivuta hewa kidogo mno, na njia walizoipa zilifaa injini yenye kubana sana na kwenda mbio. Alimwambia kuhusu oili na bomba la sindano, na geji, na dawa mbili zilizokuwepo. Limbu alisikiliza hadi mwisho akiangalia chini.

"Kuchonga tu hiyo hedi," akasema.

"Au kutafuta ya matundu membamba."

"Ingechukua muda gani?"

"Si mrefu. Kwenda Mbeya na kurudi."

Limbu akatikisa kichwa polepole. Mashine ya Mathias ilikuwa inasaga. Kisha akamwambia kwamba Adolfu alifanya hivyo hivyo. Baada ya kikao aliipeleka hedi ikachongwe, akaifunga upya, na sasa gari linapanda na mzigo mkubwa kuliko zamani. Masalu anamsifu kila mahali. Wenye magari ya Namanyere wanapeleka kwake. Wanasema tangu mwanamke aondoke pale, gereji imenyooka.

Emerensiana akainuka, akaenda kufunga koki ya dizeli iliyokuwa ikivuja, akarudi. Alimwomba Limbu amwambie kaka yake alichosikia.

"Nilishaanza kuhisi, na nilishamwuliza," Limbu akasema. "Aliniambia, hata kama ni kweli, atamtoa wapi fundi mwingine? Gari linapanda. Alisema nimwache mtu wake."

Bodaboda alikuwa anasubiri. Limbu akajiinua kwa magongo, na alipofika mlangoni akageuka.

"Wote wawili mlijua," akasema. "Yeye nilitegemea aogope. Wewe sijui uliogopa nini."

Emerensiana alitaka kumwambia. Alitaka kumwambia kuhusu yule mtu aliyesimama nyuma ya Masalu na kitambaa mkononi, na miaka yote ya kuitikia. Lakini mbele ya suruali ile iliyokunjwa na kubanwa kwa pini maneno hayo yalionekana madogo mno. Akamsaidia kupanda pikipiki.

Baadaye alikuja Bertilla, mama yake Adolfu, na kikapu cha maharage. Walipenda kukaa pamoja zamani, na Emerensiana alimpikia ugali wa ulezi kama alivyoupenda. Bertilla alianza kwa mbali, habari za mvua, habari za Jenifa. Kisha akasema mwanawe amekonda. Kazi ni nyingi, wateja wanaleta injini zenye matatizo asiyoyajua, anakaa nazo, wanaanza kunung'unika. Anamwomba mkewe arudi, na yaliyopita yapite.

"Mama," Emerensiana akasema, "atakwenda kwa Masalu aseme mbele ya wale wazee nilivyomwambia?"

Bertilla alikunja kitenge chake juu ya magoti, akakikunjua tena.

"Jambo lile limeshatulia, mwanangu. Kwa nini mliamshe?"

"Basi mwambie akaze tu. Atajifunza."

"Unaongea kwa uchungu."

"Ndiyo, mama."

Walikula. Mchana Emerensiana alimsindikiza kituoni, amembebea kikapu, ndani yake akiwa amemwekea unga. Bertilla alimshika uso kwa mikono miwili kabla ya kupanda. Basi lilipoondoka Emerensiana alisimama kwenye vumbi lake. Akausikia mlio wa injini, akasikia kwamba silinda moja haichomi. Konda alikuwa bado mlangoni, angeweza kumpungia mkono asimamishe. Hakumpungia. Alirudi kibandani, akaosha vyombo alivyotumia mama mkwe wake, na jioni alipomkumbuka amekaa ndani ya basi lile, mzee yule, aliona aibu, lakini basi lilikuwa limekwisha kufika kwingine.